Mlio wa Kadi Ambao Sikuusikia

Kabla hujashika bisibisi, nyamaza. Zima redio, mwombe mwenye kompyuta asitishe maelezo yake kidogo, weka simu mfukoni, kisha washa mashine na uisikilize. Najua ninyi mafundi vijana hamna subira. Nimewaona pale Katesh: mtu anaingia na kompyuta inayonguruma, hajakaa sawasawa kwenye kiti, fundi keshafungua skrubu nne ndipo anauliza, "Tatizo lake nini?" Na skrubu moja kati ya hizo imeshabingirika chini ya meza, haitaonekana tena duniani.

Mimi ni mstaafu. Nilianza na taipureta, nikaenda kwenye mashine za kudurufu, kompyuta zilipokuja nikazipokea, na miaka yote hiyo nimezunguka Mbulu na Hanang na begi moja la ngozi ambalo mke wangu analiita mke mwenza. Sasa nakaa Nangwa, nalima mahindi na mbaazi. Nina jambo la kuwaeleza kuhusu kadi ya picha inayolia, hii mnayoiita grafiksi kadi. Nitapita kwingi kabla sijafika. Mtanivumilia, maana mzee akishika maikrofoni hata padre hukaa chini.

Kwanza niwaambie sikio langu lilifundishwa wapi. Lilifundishwa Daudi, kwenye mashine ya kusaga ya Mzee Hhando, kabla sijaijua taipureta. Mzee yule alikuwa na mwiko wa mti ambao haukuwahi kugusa ugali. Mashine ikibadilisha sauti, alishika mwiko, ncha moja akaigandamiza kwenye chuma, ncha nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Akifumbua alikuwa anajua. Mkanda umelegea upande huu, nati ile imechoka, jiwe dogo limeingia na mahindi ya fulani. Sijawahi kumwona akikosea, na nilikaa naye misimu mitatu.

Siku moja alikuwa ndani anakula, mashine ikaanza kugonga. Mimi nikatangaza kwamba beringi imekwisha. Akasema kutoka mlangoni, "Basi ifungue." Nikaifungua yote. Akina mama walikaa nje juu ya magunia yao mpaka wakamaliza habari zote za Daudi wakaanza za Dongobesh. Beringi ilikuwa nzima, inang'aa. Mzee akatoka, akanawa mikono taratibu, akashika boliti moja ya pale mahindi yanapomiminwa, akaikaza kwa vidole, akaniambia niunganishe kila kitu upya. Mashine ikazunguka kimya.

"Ilikuwa bado inasema," akaniambia. "Wewe ukaikata kauli."

Nilicheka kwa aibu nikadhani nimeelewa. Shikilieni hapo kwenye kukata kauli, nitarudi.

Sasa kadi. Ninyi mmezaliwa mmeikuta, mnaiona kama kipande kingine cha plastiki chenye feni. Mimi nilipoelezwa mara ya kwanza inafanya nini, nilivua kofia. Picha kwenye skrini ni vidoti, mamilioni, na kila kidoti lazima kipewe rangi yake, kisha kipewe tena upya kabla hujapepesa jicho. Ndani ya ile kadi kuna vibarua wengi mno, kila mmoja na kidoti chake, wote wanainama kwa pamoja na kuinuka kwa pamoja, kama kijiji kizima kimeitwa kulima shamba moja. Hakuna msimamizi anayepiga kelele. Nimefanya kazi na umeme maisha yangu yote, na hadi leo nikiifikiria kadi ile nywele zinasimama.

Kazi kubwa namna hiyo haiwezi kukosa kelele, na kelele zake zina koo tofauti. Inayojulikana zaidi ni ya feni. Feni ikigonga kwa mpigo sawasawa, kuna kitu kinaguswa: waya umelegea, au bawa lake moja limevunjika ncha. Ikikwaruza wakati wa kuwaka halafu ikatulia ikipata moto, mafuta yamekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kitovu chake, tone moja nasema, linaweza kukupa miezi. Ukitaka kujua kama kelele ni ya feni, gusa kitovu kwa ncha ya kidole isimame sekunde mbili tu. Kelele ikinyamaza, umempata. Ikiendelea, mwombe feni msamaha na utafute kwingine. Na ukipuliza vumbi kwa blowa, shikilia feni isizunguke, maana ukiiacha ikapiga mbio za upepo unaiua huku unadhani unaisafisha. Usipulize kwa mdomo. Nimeona kadi zenye mate.

Halafu kuna kelele ambayo nadhani ni ya kwetu. Mwalimu mmoja Mbulu aliniita akasema kompyuta yake inakoroma. Nikafika, nikaikuta imevikwa. Mke wake alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua ya pinki, kimefunika boksi lote mpaka miguuni, na kingine kidogo juu ya skrini, na kingine chini ya kipanya. Redio imevikwa, televisheni imevikwa, kompyuta ingeachwaje uchi? Basi feni ya kadi ilikuwa imevuta uzi mmoja kupitia tundu la nyuma, ikauzungusha, ikavuta zaidi. Nilipofungua nilitoa nusu ya ua. Mama yule alisimama mlangoni mikono kifuani. Nikamwambia kitambaa ni kizuri sana, kwa hiyo kikae juu tu, pembeni tuiache ipumue. Akakubali, ila alinitazama kama anayemtazama mtu aliyemvua mtoto sweta kwenye baridi.

Kelele ya mwisho ni ile iliyonileta kwenye habari hii. Ni mlio mwembamba wa koili. Ndani ya kadi mna vikoili, waya uliosokotwa ukafungiwa kwenye vijumba vidogo, na umeme ukipita kwa nguvu waya unatetemeka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kutetemeka huko ndiko kulia. Kadi mbovu inalia, kadi nzima nayo inalia, kwa hiyo usimtishe mteja. Mara ya kwanza kuusikia nilikuwa bado kazini, Mbulu, kwa mchora ramani za nyumba. Kila alipoizungusha ile nyumba kwenye skrini, mlio ulipanda. Akiiacha itulie, nao ulitulia. Nikamwomba aizungushe tena na tena, mpaka akaniuliza kama nataka kuinunua. Nilikuwa nasikia picha ikitengenezwa. Niliondoka pale nikitembea taratibu kwa miguu mpaka stendi, sikutaka mtu anisemeshe.

Basi, miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka juzi ukaja mradi mdogo wa maji, wakapanga chumba hapa Nangwa. Aliyeletwa kusimamia vipimo ni Zuhura, binti wa Lindi, mpole, anayevaa koti mchana kweupe kwa sababu ya baridi yetu. Walikuja na kompyuta kubwa na kadi ya picha bado ikiwa kwenye boksi lake, wakaambiwa kuna mzee hapa anajua. Niliifunga kadi ile kwa mkono wangu. Ilihitaji plagi mbili za umeme na pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme, ilikuwa na moja tu. Nikaenda nyumbani, nikafukua kwenye begi la ngozi, nikapata waya wa kugawa, ule wa plagi moja kuzaa mbili. Ulikuwa wa zamani lakini mzima kwa macho. Nikachomeka, ikawaka, nikanywa chai yao nikaondoka nimejaa sifa.

Kazi ya Zuhura ilikuwa hivi. Maji yangetoka kwenye chemchemi, yangeshuka kwa bomba kwa uzito wake yenyewe mpaka vitongoji vya Hirbadaw. Kulikuwa na ramani ya zamani iliyochorwa kwa mkono, na ramani hiyo ilionyesha kwamba kaya za upande wa juu ziko juu mno, maji hayawezi kufika. Kwa hiyo bomba lingepita chini. Zuhura hakuamini. Akaomba droni, ikaja, ikapiga picha maelfu kwa siku nne, ikarudishwa ilikotoka. Sasa zile picha ilibidi kompyuta izishone ziwe mlima mzima wenye vimo vyake. Mkutano wa kijiji ulikuwa Jumatatu. Wananchi wangegawana mitaro siku hiyohiyo, na mtaro ukishachimbwa hakuna atakayeuhamisha.

Upande wa juu ndiko anakoishi dada yangu Magdalena. Ana miaka sabini na nne. Ana punda mmoja na madumu manne, na kila siku ya Mungu anashuka na kupanda. Sitaki mseme nilikuwa fundi asiye na upande. Nilikuwa na upande.

Ijumaa asubuhi Zuhura akanipigia. Kompyuta inazima. Inafanya kazi vizuri, inaunganisha picha kwa muda wa saa tatu, hata nne, halafu ikifika pale pa kuusimamisha mlima inazima kama imekatiwa umeme. Na ina kelele. Nikachukua begi.

Nilimkuta Emiliana ameshafika. Huyu ni fundi kijana, ana kibanda Katesh, baba yake ni mtu wa Daudi. Alisimama aliponiona, akainama kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeshafungua?"

"Bado, babu. Nilikuwa nasikiliza."

Nilifurahi kwa hilo, nikawaza hawa wengine wanatia matumaini. Nikachukua kipande changu cha mpira wa maji, ambao kwenye kompyuta naupenda kuliko mwiko kwa sababu haugusi kitu, ncha moja sikioni nyingine nikaipitisha juu ya kadi. Feni ilikuwa inakwaruza. Nikagusa kitovu, ikanyamaza. "Feni," nikasema. Emiliana akamtazama Zuhura, Zuhura akatazama dirisha.

"Ndiyo, babu," Emiliana akasema.

Nikatia tone la mafuta. Feni ikazunguka kama mpya. Tukaanza kazi upya, tukala viazi, saa nne zikapita, mashine ikazima.

Jumamosi nikasema ni joto. Tukafungua ubavu wa boksi, tukafuta ile dawa ya joto iliyokauka juu ya moyo wa kadi, tukaweka nyingine kiasi cha punje ya mchele, tukafungua dirisha upepo wa mlima ukaingia mpaka Zuhura akajifunga kanga juu ya koti. Ikaanza tena. Katikati ya kazi Emiliana akasogea.

"Babu, na ule mlio mwingine?"

"Mlio gani?"

"Ule mwembamba."

Nikainua mpira, nikasikiliza kwa makini yote niliyonayo. Feni ilikuwa inapuliza vizuri, mwendo wake safi. Hakuna kingine.

"Hakuna mlio hapo," nikasema. "Hiyo ni feni inapumua."

"Sawa, babu."

Baada ya saa nne na kidogo, Emiliana alinyoosha mkono ghafla akabonyeza kuhifadhi kazi. Sekunde kama tano baadaye mashine ikazima.

Zuhura alikaa kitini akaweka mikono usoni. Akasema, bila kulia lakini karibu na kulia, kwamba kesho ni Jumapili, na kwamba atawaandikia wakubwa zake kuwa ramani mpya haikupatikana, watumie ile ya zamani. "Nilikuwa na uhakika maji yanafika kule juu, mzee," akaniambia. "Nimepanda mwenyewe kwa miguu. Lakini miguu yangu haiwezi kwenda mkutanoni kama ushahidi."

Nilikuwa namfikiria dada yangu, na wakati huohuo namtazama Emiliana. Yule binti alibonyeza kabla. Na ndipo nikakumbuka kwamba Ijumaa pia alikuwa ameinuka kabla, akasimama bila sababu, halafu ikazima.

"Emiliana," nikasema. "Umejuaje?"

Akatazama chini.

"Nakuuliza kwa amani. Umejuaje kwamba inazima?"

"Inalia, babu. Mlio wenyewe unapanda juu, unapanda. Halafu unaanza kukatikakatika. Ikikatika hivyo, haichukui muda."

"Zuhura, na wewe unausikia?"

"Ndiyo, mzee. Unaniumiza kichwa tangu juzi."

"Tangu juzi." Nikageuka tena kwa Emiliana. "Kwa nini hamkuniambia?"

Alijikuna kiganja. "Nilisema, babu. Ukasema hakuna. Wewe ni mzee wangu, na ndiye uliyemfundisha fundi aliyenifundisha. Nikaona labda sikio langu ndilo bovu."

Wanangu, nilikaa. Kulikuwa na stuli nikakaa juu yake. Nilikuwa nasikia sauti ya Emiliana, nasikia pikipiki barabarani, nasikia kuku wa jirani, kwa hiyo nilikuwa naamini nasikia dunia yote. Kumbe sikio la mzee halizibi kama mlango. Linapunguza kutoka juu, zile sauti nyembamba zinaondoka moja moja bila kuaga, na hakuna anayekuletea taarifa. Mlio uleule ulionifanya nitembee taratibu kule Mbulu ulikuwa unapigwa mbele ya pua yangu kwa siku mbili, nami nikasema haupo. Mzee Hhando angenicheka mpaka aangushe mwiko. Niliona aibu, sitawaficha. Lakini kabla ya aibu nilishikwa na kitu kingine, nadhani ni hofu ile ya kanisani: kwamba chumba kilikuwa kimejaa sauti, hawa wawili wamo ndani yake, na mimi nimekaa katikati yao kwenye ukimya.

Nikamkabidhi Emiliana mpira.

"Leo sikio ni lako. Mimi nitakuwa mkono."

Tukawasha. Hatukuhitaji kusubiri tena saa nne nzima. Zuhura aliiambia kompyuta iruke moja kwa moja kwenye ile hatua nzito, kipande kidogo tu cha majaribio. Emiliana akaweka mpira sikioni, nami nikawa nashika ncha ya chini. Nikaipeleka juu ya vikoili.

"Hapa ni mlio tu, babu, umenyooka."

Nikasogeza kwenye ukingo.

"Unaanza kukwama. Endelea."

Nikasogeza mpaka pale plagi zinapoingia. Akakunja uso akatoa mpira sikioni.

"Hapo. Hapo ndipo unapokatika. Unafanya hivi." Akabana midomo akatoa sauti kama ya mtu anayepiga mluzi huku meno yanagongana kwa baridi.

Zuhura akazima kabisa, akachomoa waya ukutani. Nikashika plagi. Ilikuwa ya moto. Nilipoichomoa, plastiki yake ilikuwa imegeuka kahawia, na pini moja imeungua ukingoni, imelegea, inagusa na kuachia. Kadi ikifanya kazi ndogo, umeme unatosha. Ukija mlima, inaomba umeme mwingi kwa mkupuo, pini inashindwa, mlio unakatika, mashine inazima. Nikaugeuza ule waya mkononi. Mnaujua. Ni ule wa kugawa, uliotoka kwenye begi langu la ngozi, uliokuwa mzima kwa macho.

"Hii ni kazi yangu," nikawaambia. "Si feni, si joto, si kompyuta. Ni mimi niliyeweka hii."

Kisha Emiliana akasema kwamba kule kibandani kwake ana pawa saplai yenye nyaya mbili zinazotoka kila mmoja peke yake, na kwamba akipata pikipiki sasa hivi anarudi kabla jua halijashuka. Akaenda. Akarudi uso umejaa vumbi, meno tu yanaonekana. Akafunga mwenyewe. Mimi nilishika tochi na kufunga mdomo.

Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, na sikumbuki mahubiri. Nilipofika pale chumbani kazi ilikuwa imefika kwenye hatua ile. Emiliana alikuwa amekaa karibu na boksi.

"Unalia?" nikamuuliza.

"Unalia, babu. Umenyooka."

Akainua mkono wake anionyeshe. Kiganja kikawa kinapanda polepole jinsi mlio unavyopanda, na kwenye skrini vidoti vikaanza kusimama. Kwanza vilikuwa kama vumbi la Septemba. Kisha vumbi likapata mgongo. Kiganja kilipanda, mgongo ukapanda, na mbele yetu ukasimama Hanang, na makorongo yake, na msitu, na ule ukingo ambao tangu utoto nimeutazama kutoka chini bila kujua nyuma yake kuna nini. Zuhura akauzungusha kwa kidole. Niliuona mlima wangu kwa mgongo. Nina miaka sitini na nane na nilikuwa sijawahi kuuona kwa mgongo. Tukashuka juu ya Hirbadaw, nikaona njia nyembamba inayopinda mara tatu, ile ambayo kwato za punda zimeichimba, na mwisho wa njia bati la dada yangu lenye kiraka kipya cha upande wa jikoni.

Zuhura akabonyeza chemchemi, akabonyeza bati. Akasoma vimo viwili, akavisoma tena kwa sauti. Chemchemi ilikuwa juu. Haikuwa juu sana, lakini ilikuwa juu.

"Yanafika," akasema, na safari hii alilia.

Jumatatu aliipeleka ramani mkutanoni, wakaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na wazee wakasogea mmoja mmoja kutafuta mabati yao. Mitaro ikagawanywa upande wa juu. Sikwenda kuzungumza. Nilikuwa nimekaa nyuma na waya wangu ulioungua mfukoni, ninao mpaka leo, umening'inia juu ya meza yangu ya kazi.

Wiki ile Emiliana alipita nyumbani. Baada ya shikamoo na chai akatoa simu. Alikuwa amerekodi kadi siku ile mlima unasimama, kisha kwa programu fulani akaushusha mlio uwe mnene, akaushusha tena, mpaka akadhani umefika ninapoishi mimi. Akaniwekea simu sikioni. Sauti ile ilianza chini kama nyuki wa ndani ya mzinga, ikapanda, ikakaa juu, haikukatika mahali popote. Nilisikiliza nikaomba arudie. Mke wangu akauliza kutoka jikoni tunasikiliza kwaya gani. Nikamwita aje naye asikilize.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza, nawaomba haya machache. Sikilizeni kabla ya kufungua. Msiamini waya kwa macho. Mkiona mzee anasema hakuna mlio, msalimieni vizuri, mpeni kiti, halafu mwambieni upo. Mkimwambia mara moja akakata kauli, mwambieni mara ya pili. Si utovu wa adabu. Mngemwona mzee anaelekea korongoni mngemshika mkono.

Maji yalifunguliwa mwezi wa nane. Tulisimama nje kwa Magdalena, watu wengi, na bomba lake jipya limewekwa kwenye nguzo ya saruji. Walikuwa wamefungua kule juu, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri. Dada yangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama labda ile ramani ya zamani ndiyo ilikuwa kweli. Punda alikuwa amesimama pembeni na madumu yake kwa mazoea. Emiliana akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akafumba macho.

"Yanakuja, babu," akasema.

Nikainama nami nikaweka sikio langu upande wa pili. Sikusikia kitu. Nikachukua ndoo ya dada yangu, nikaiweka chini ya bomba.